Cheche na Kamba ya Nanga

Kila Jumamosi asubuhi Cheche aliamshwa na mngurumo wa kompresa. Baba yake alikuwa fundi wa kujaza mitungi ya hewa ya wapiga mbizi, na kibanda chake cha kazi kiliegemea ukuta wa chumba walicholala Cheche na dada yake. Kompresa ikianza kunguruma, hata mwenye usingizi wa pono alifungua macho. Cheche aliruka kitandani, akapiga mswaki, akanywa chai haraka haraka mpaka akaunguza ulimi. Kisha akachukua mswaki wa pili, ule mkubwa wenye nywele ngumu, akatoka mbio kuelekea gatini.

Mswaki huo wa pili ulikuwa wa kusugulia matumbawe.

Mama yake ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama waliopanda matumbawe kuzunguka visiwa vidogo vilivyokaa mbele ya mji wao. Walichomelea vyuma wakatengeneza kitu kama vitanda, wakavishusha baharini, kisha wakafunga juu yake vipande vidogo vya matumbawe ili vikue. Bustani yao haikuwa na kina kirefu, kwa hiyo Cheche, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na aliyekwisha kufuzu mafunzo ya kupiga mbizi ya watoto, aliruhusiwa kuzama pamoja na mama yake. Kazi yake ilikuwa kusugua ukoga kwenye vyuma ili usiyanyonge matumbawe machanga.

Shuleni alikuwa na jina lake rasmi, lakini hakuna aliyelitumia. Aliitwa Cheche tangu utotoni kwa sababu hakuchelewa kuwaka.

Jumamosi ile waliruka majini jua likiwa bado changa. Cheche aliuma kipumulio chake, akatoa hewa kwenye jaketi lake la kuelea, akashuka taratibu huku akimwona mama yake pembeni, mapovu yakipanda kama shanga zilizokatika uzi. Samaki wadogo wa manjano waliwapisha bila haraka. Kisha Mama akasimama ghafla, akanyoosha kidole.

Vitanda vitatu vilikuwa vimepinduliwa. Kimoja kilikuwa kimepinda katikati kama kijiko. Vipande vya matumbawe vilitapakaa mchangani, vingine vimevunjika vipande vipande, na katikati yake ulipita mfuo mrefu, mpana, ambao mtu yeyote wa baharini angeujua. Ulikuwa mfuo wa nanga iliyoburutwa.

Cheche alitaka kupiga kelele. Chini ya maji mtu hawezi kupiga kelele, na kwa Cheche hiyo ilikuwa adhabu kubwa. Alipiga ngumi majini. Maji yakaipokea ngumi yake polepole, kama yanayomdhihaki.

Waliporudi gatini, boti ya Nahodha Miwani ilikuwa imefungwa palepale. Nahodha huyo, aliyepeleka wageni kupiga mbizi, aliitwa hivyo kwa sababu hakuvua miwani yake ya jua, awe juani, dukani au msibani. Nyuma yake alikuwa Dada, dada mkubwa wa Cheche, akipakia mitungi ndani ya boti. Dada alikuwa kiongozi wa wapiga mbizi, na tangu mwanzo wa mwaka alikuwa ameajiriwa na Nahodha.

"Nahodha," Mama alianza, maji yakimtiririka, "nanga yako imepita tena kwenye vitanda vyetu."

"Vitanda?" Nahodha aliangua kicheko. "Mama, bahari ina vyumba vya kulala siku hizi?"

Wapagazi waliokuwa karibu wakacheka. Mama hakucheka.

"Tumeweka vibendera kuonyesha mpaka. Umeviona."

"Nimeviona. Vizuri sana. Labda samaki wanajua kusoma."

"Upande wa pili kuna mchanga mtupu. Tia nanga kule, wageni wako waogelee kidogo tu mpaka kwenye matumbawe."

"Wageni wangu wamepanda ndege mbili waje kuona mchanga?" Nahodha alitikisa kichwa. "Mimi nina kazi ya kufanya, mama. Bahari haina hati ya mtu."

Cheche alimtazama Dada. Dada aliinamisha macho, akaendelea kupanga mitungi kana kwamba hakusikia kitu.

"Wewe ni mharibifu!" Cheche alifoka. "Sisi tunapanda, wewe unavunja! Huna hata haya!"

Nahodha aliishusha miwani yake puani kwa mara ya kwanza, akamtazama Cheche, halafu akamgeukia mama yake. "Binti yako unamlisha nini? Mfundishe adabu."

Mama alimshika Cheche mkono. "Mwombe radhi."

"Mimi? Nimwombe radhi yeye?"

"Kwa kumtukana mtu mzima. Mwombe."

"Samahani," Cheche alisema, lakini neno lilimtoka kama mwiba wa samaki. Machozi ya hasira yalimlenga. Aliyevunja alikuwa anaondoka akipiga mluzi, na aliyevunjiwa ndiye aliyeomba msamaha!

Jioni alimkuta Dada uani akisuuza suti yake ya kuzamia kwenye beseni.

"Leo mdomo wako uliuweka wapi?" Cheche aliuliza.

Dada alikamua mkono wa suti. "Nimemwambia mara nyingi. Namwambia tukiwa wawili."

"Kwa nini si mbele ya watu?"

"Kwa sababu nikigombana naye mbele ya wageni, kesho atatafuta kiongozi mwingine, tena asiyejali hata chembe. Hapo nani atamwambia?"

"Sema tu unamwogopa."

"Cheche, usianze."

"Msaliti," Cheche alisema.

Dada aliitupa suti ndani ya beseni, povu likaruka hadi ukutani. Wiki nzima iliyofuata walilala chumba kimoja, wakavaa viatu kwenye mlango mmoja, na hawakusemeshana hata neno.

Jumamosi nyingine ilipofika, akina mama walihamia kwenye ufuo wa kisiwa kidogo kilichotenganishwa na bustani kwa mwamba mrefu, wakitengeneza vitanda vipya badala ya vile vilivyovunjika. Mama alimpa Cheche kazi ndogo.

"Vibendera viwili vimesombwa na mawimbi. Chukua miwani na mapezi, ukafunge vingine. Usipite mwamba ule. Na kisu changu ukitunze, kina makali."

Cheche alikifunga kisu kwenye muundi wa mguu, akaogelea. Alikuwa anafunga kibendera cha pili aliposikia injini. Boti ya Nahodha Miwani ilikuja moja kwa moja mpaka juu ya bustani, injini ikazimwa, kisha nanga ikatumbukia, chubwi!

Alijificha nyuma ya mwamba. Alimwona Dada akitangulia kuruka, akifuatiwa na wageni wawili, mume mwenye ndevu nyingi na mkewe. Vichwa vyao vikazama. Cheche aliyafuata mapovu yao kwa macho, kwa sababu hakutaka Dada amwone. Mapovu yalielekea upande wa mlango, ule mkondo mwembamba uliopita kati ya visiwa na kutokea bahari kuu.

Alipohakikisha wako mbali, aliweka uso wake majini akatazama chini.

Nanga ilikuwa imeangukia kitanda chake. Kulikuwa na vitanda vingi, lakini kile alikisugua mwenyewe tangu kiliposhushwa. Matumbawe yake yalikuwa yameanza kutoa matawi ya zambarau, kama vidole vya mtoto mchanga. Sasa jino la nanga lilikuwa limepenya katikati, na kila wimbi lilipoivuta boti, nanga ilitikisika na tawi jingine likakatika.

Cheche hakufikiri. Au tuseme alifikiri jambo moja tu: na yeye aonje. Aliogelea mpaka chini ya omo, ncha ya mbele ya boti, akachomoa kisu, akaikata kamba ya nanga. Ilikuwa imekazwa na uzito wa boti, kwa hiyo haikumpa taabu. Nyuzi zilifyatuka moja baada ya moja, halafu kamba ikaachia.

Boti ilianza kuondoka, taratibu kabisa, kama mtu anayetoka msibani kimyakimya. Cheche alirudi nyuma ya mwamba akisubiri vurugu. Sasa Nahodha ataruka, atapiga mayowe, atahangaika na injini. Alijiandaa kucheka.

Hakukuwa na mayowe. Aliinua kichwa. Nahodha alikuwa amelala chali chini ya turubai, miguu juu ya ukingo wa boti, miwani usoni. Boti ilizidi kusogea. Cheche angeweza kuita. Sauti yake ingefika bila shida. Alifungua mdomo, akakumbuka kile kicheko cha gatini, akaufunga.

"Ataamka mwenyewe," alijiambia, akaogelea kurudi ufuoni.

Akina mama walikuwa katikati ya kazi. Cheche alianza kufunga kamba kwenye vyuma, lakini mafundo yake yalifunguka. Kila baada ya muda aliinua macho kutazama bahari. Boti ilikuwa imezunguka kona ya kisiwa, haionekani tena. Kitanda kimoja kikakamilika, kikaja cha pili. Jua likapanda mpaka vyuma vikawa vya moto kushika.

"Mbona hutulii?" Mama aliuliza. "Unaumwa?"

"Hapana."

"Si nilisikia boti ya Nahodha asubuhi?"

"Sijui. Sikuiona," Cheche alisema, akainamia fundo lake.

Vitanda vyote vilikuwa vimekwisha kupangwa waliposikia injini ya Baba. Alikuwa njiani kuwaletea mitungi. Nyuma ya boti yake ndogo aliburuta boti ya Nahodha Miwani, rafadha ya injini imepinda. Nahodha mwenyewe aliruka majini kabla hata hawajafika, akaja ufuoni akikanyaga mawimbi, mkononi ameshika kipande cha kamba.

"Nani?" aliunguruma. "Nani amekata hii? Tazameni! Hii haikukatika, imekatwa kwa kisu! Mumeo amenikuta nimekwama juu ya fungu la mchanga!" Alimgeukia Mama. "Ni nyie! Wiki nzima mnanitafuta!"

"Kamba yako siijui," Mama alisema, sauti ikipanda. "Tuko hapa tangu asubuhi, mbele ya macho ya kila mtu."

"Basi ni huyu mwanao! Huyu mwenye mdomo!"

Mama alisogea akasimama mbele ya Cheche. "Usimguse mwanangu kwa maneno yako! Ana hasira, ndiyo, nakubali. Lakini hawezi kufanya ujinga wa namna hiyo. Namjua. Nimemzaa mimi."

Cheche alitamani mchanga ufunguke umfunike. Mgongo wa mama yake, ulionyooka mbele yake kama ukuta, ulimuuma kuliko kofi.

"Ngojeni kwanza," Baba alisema. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na kule kwenye fungu la mchanga alidhani Dada na wageni wameshashushwa ufuoni. "Nahodha, wapiga mbizi wako wako wapi? Binti yangu yuko wapi?"

Nahodha alimeza mate. "Wako chini. Palepale bustanini. Kamba imekatwa sasa hivi tu, nusu saa haijafika. Bado wana hewa."

"Nusu saa? Na umefika kule kwenye fungu?"

"Mkondo ulikuwa mkali. Lakini macho yangu hayakutoka kwao hata kidogo."

"Twende tukakae juu ya bustani," Baba alisema, akigeuza boti yake. "Tutaona mapovu, na wakipanda watatukuta."

Cheche alimwangalia Nahodha, na ghafla akaelewa. Nahodha alikuwa anadanganya ili asijulikane kwamba alilala. Hapakuwa na mtu chini ya bustani. Kamba ilikatwa Dada alipokuwa ndiyo kwanza amezama. Hewa yao ilikwisha zamani. Walipanda zamani, wakatazama huku na huku, wakakosa boti. Na sasa Baba alikuwa anakwenda kukaa juu ya maji matupu, kusubiri mapovu yasiyokuwepo.

"Anasema uongo!" alipiga kelele.

"Cheche, nyamaza," Mama alisema.

"Mama, anasema uongo! Kamba ilikatwa asubuhi! Walikuwa ndiyo kwanza wamezama!"

"Wewe umejuaje?"

Hapo pangekuwa rahisi kutunga lolote. Angeweza kusema aliona boti ikielea, basi. Lakini wangemuuliza kwa nini hakusema mapema, na uongo mmoja ungedai mwingine, na Dada alikuwa huko nje majini.

"Kwa sababu nimeikata mimi," alisema. "Kwa kisu chako. Nahodha alikuwa amelala. Nilimwona amelala, na sikumwamsha."

Mama aligeuka polepole. Mkono wake uliinuka, Cheche akafumba macho. Kofi halikuja. Alipoyafungua, mkono wa Mama ulikuwa umebaki hewani.

"Nilikutetea," Mama alisema kwa sauti ya chini. "Sasa hivi hapa, mbele ya watu, nilikutetea." Akaushusha mkono. "Walielekea wapi?"

"Mlangoni. Niliyafuata mapovu."

Baba alitazama ufuo. Mchanga mbichi ulikuwa umejitokeza mpana. Maji yalikuwa yanakupwa kwa nguvu, na maji yote ya kupwa yalitokea mlangoni kwenda bahari kuu. Uso wake ulibadilika. "Ingieni! Wewe, Nahodha, ingia! Na wewe Cheche, kaa mbele, utazame!"

Boti ilikata mawimbi. Kisha Nahodha alivua miwani, akaishika mikononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nililala," alisema. "Kweli nililala."

"Watu wako chini ya maji, na wewe unalala!" Baba, mtu yule mpole, alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. "Binti yangu yuko chini, wewe unaweka miguu juu! Halafu unasimama mbele yangu unaniambia nusu saa! Ningekaa pale nikingoja mapovu mpaka wafe!"

Cheche alijua kwamba nusu ya maneno hayo yalikuwa yake yeye.

Walipita mlangoni, wakakipita kisiwa cha mwisho. Baba alizima injini kila baada ya muda ili wasikilize. Bahari ilikuwa tupu, inameremeta mpaka macho yanauma. Cheche alisimama omoni ameshika ukingo, akitafuta kitu chochote kisicho cha rangi ya maji. Mara moja aliona kitu cheupe, kilikuwa ndege. Mara ya pili aliona kitu cheusi, kilikuwa gogo. Mama aliita jina la Dada mpaka sauti ikamkauka.

Kisha wakasikia filimbi.

Ilikuwa nyembamba, imechoka, inakatika katika. Cheche aligeuka huku na kule. Mbali, juu ya mgongo wa wimbi, alikiona: kile kirungu cha rangi ya machungwa ambacho wapiga mbizi hukipuliza hewa ili waonekane.

"Kule! Baba, kule! Usikipoteze!"

Walikuwa watatu, wamejifunga pamoja kwa mikanda ya majaketi yao. Dada alikuwa katikati, amemshika mke wa yule mgeni kidevu ili mawimbi yasimwingie mdomoni. Alitaka wageni wapandishwe kwanza. Yule mwanamke alikuwa analia bila sauti. Mumewe alikuwa amekazwa na misuli ya miguu, wakamwinua kama mzigo. Mwisho ndipo Dada alipokubali kuvutwa ndani. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa chumvi. Alikunywa maji, akatapika, akanywa tena.

"Tulipanda, hakuna boti," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Tukajaribu kuogelea hadi kisiwani, mkondo ukatukataa. Nikawaambia waangushe mikanda yao ya uzito, tujifunge pamoja, tusipoteze nguvu. Nikawadanganya kwamba huwa inatokea, kwamba mtakuja sasa hivi." Akamtazama Nahodha. "Boti ilikwenda wapi?"

Nahodha alinyoosha kidole. "Huyu mtoto—"

"Mimi nimekata kamba," Cheche aliwahi. "Nilijua uko chini. Sikufikiri."

Dada alimtazama kwa muda mrefu. Cheche alitegemea atapigwa, au atatukanwa, au, sijui kwa nini, atakumbatiwa. Hakupata hata kimoja. Dada aligeuza uso.

"Nikiongea sasa nitasema mabaya," alisema. "Nahodha, nawe usiseme kitu. Una yako yanakusubiri."

Wageni walilazwa zahanati siku hiyo. Kesho yake Mama alimpeleka Cheche kuwaomba radhi. Yule mwenye ndevu alimsikiliza mpaka mwisho. "Mke wangu kila akifumba macho anaona maji," alisema. "Umefanya vizuri kusema ukweli, na bila hivyo tusingekuwa hapa. Lakini bado nimekukasirikia, na nitaendelea kwa muda." Cheche aliitikia kwa kichwa.

Msimamizi wa gati alimsimamisha Nahodha kazi mpaka atakapokuwa na msaidizi wa kubaki macho kwenye boti kila wapiga mbizi wanapozama. Cheche naye, Mama alimnyang'anya mapezi yake, na hakumwambia yangerudi lini. Kisha msimamizi akawaita wote wawili, akawaambia: mnataka kugombana, gombaneni mkifanya kazi. Bustani itawekewa boya la kudumu, lililofungwa kwenye tofali zito la zege chini ya bahari, ili boti zifungwe hapo bila kutia nanga. Na zege hiyo watakoroga Nahodha na Cheche.

Basi wakakoroga, jua likiwachoma, kila mmoja na uso umemvimba.

"Koleo lako halina nguvu," Nahodha alinung'unika.

"La kwako limelala," Cheche alijibu.

Nahodha aliacha kukoroga. Cheche akangoja kufokewa. Lakini bega la Nahodha likaanza kutikisika, naye akageukia pembeni ili asionekane anacheka. Hawakuwa marafiki siku ile, wala baadaye. Lakini zege ilikorogeka vizuri.

Siku ya kushusha boya, Cheche alikaa gatini akiwatazama Baba na Nahodha wakifunga tofali kwenye boti. Dada alikuja akaketi kando yake. Tangu siku ile, alikuwa hajamwambia zaidi ya "sogea" na "pisha".

"Unajua kinachoniudhi kuliko vyote?" Dada alisema bila kumtazama. "Ulikuwa na haki. Nanga ilikuwa inavunja, Nahodha alikuwa anadharau, na mimi nilinyamaza pale nilipotakiwa kusema. Nimekwenda kwa msimamizi nikayasema hayo yote, hata la kunyamaza kwangu. Haki ilikuwa yako, Cheche, na wewe ukaichukua ukaikatia kamba. Tangu siku ile, hakuna aliyeulizia matumbawe. Wote waliuliza kuhusu kisu."

Cheche aliangalia vidole vyake vilivyochubuliwa na saruji. "Nilikuwa na hasira."

"Hata mimi ninayo. Ninayo sasa hivi, nimekaa nayo hapa. Sikuambii usikasirike, mtu asiyekasirika akiona kitu kizuri kinavunjwa ana kasoro. Lakini ukikasirika, paza sauti. Nenda kwa mkubwa, na asipokusikia nenda kwa mkubwa wake, rudi tena, wachoshe. Mikono yako iache mpaka kichwa kipoe. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ulinyamaza asubuhi nzima, nami nikaimeza asubuhi hiyo yote kwa chumvi. Uliposema, ilikuwa ni kwa woga, nilikuona ukitetemeka hata ndani ya boti, lakini ulisema. Hilo nimelishika, ndiyo maana nimekuja kukaa hapa."

"Umenisamehe?"

"Bado," Dada alisema, akasimama, akajipangusa mchanga. "Lakini Baba anahitaji mtu wa kushika kamba wakati tofali linashuka, nami nimekutaja wewe. Inuka basi. Na kisu kiache hapa."